Siku Ambazo Hakuzamia

Kabla ya kuvaa mtungi wa hewa, mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa na swali moja kwa nahodha: bahari imeamkaje? Kazi yake ilikuwa kuhesabu wanyama wasio na uti wa mgongo katika misitu ya kelpi ya Rasi ya Cape, Afrika Kusini. Bahari ikichafuka, hakuna kuzamia. Kwa hiyo miaka yote alifanya kazi siku za shwari, akichunguza maisha yaliyoumbwa na siku za dhoruba.

Kelpi si mwani wa kulimwa wa Zanzibar. Kelpi ya huko, Ecklonia maxima, hutaka maji baridi, hung'ang'ania mwamba, na hupanda zaidi ya mita 10 hadi juu, ikielea kwa shina lenye gesi. Mawimbi huipiga kutoka kusini-magharibi, yakiwa yamezaliwa katika dhoruba za mbali za Bahari ya Kusini.

Dhoruba hizo alizisoma ndani ya fremu yake ya mraba ya kuhesabia wanyama. Mahali palipopigwa sana palijaa kome, sifongo na majongoo bahari wadogo walionyoosha minyiri. Hao hawatafuti chakula. Maji yaendayo kasi huwaletea chembechembe za kelpi iliyosagika na viumbe vya hadubini. Nungu wa baharini hali yake ni nyingine. Msukosuko ukizidi hujibana nyufani, akingoja kipande cha kelpi kimfikie. Maji yakitulia hutoka kutafuna, na kelpi changa huwa hatarini.

Umri ulipomkataza kuzamia, alihamia ufukweni.

Huko, maji ya bamvua yalipokupwa, aliona kwa macho yake wimbi likilisha. Miaka ya 1990 wanabiolojia wa bahari Rodrigo Bustamante na George Branch walikuwa wameonyesha kwamba lundo kubwa la konokono wa pwani ile haliwezi kushiba kwa mwani unaoota mwambani peke yake, bali hutegemea kelpi. Mmoja wao, Scutellastra argenvillei, mwenye gamba kama kofia, huishi kwenye miamba inayopigwa. Huinua gamba, na wimbi likilaza jani la kelpi chini yake, hulibana kwa kishindo. Kwenye ghuba tulivu jirani yake, Cymbula granatina, husubiri vipande vilivyokwisha kukatika na kuletwa na maji. Mzee alikaa juu ya mwamba akiandika yote mawili, miguu ikiwa imelowa.