Tulipomtafutia Binti Yetu Shule ya Sekondari



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, katikati ya mwaka 2024 binti yetu alirudi kutoka shuleni kwake hapa Kawempe akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa darasa la saba, na karatasi ile ilitutaka tuandike kwa mpangilio shule za sekondari tunazozitaka, kabla hajafanya mtihani wa PLE. Mama yake akaiweka mezani chini ya kopo la sukari, nayo ikakaa hapo siku tisa. Kila aliyeingia nyumbani aliiona, na kila aliyeiona alikuwa na maoni yake.

Tulikuwa na sababu ya kuiogopa karatasi ile. Kaka yake alipokuwa darasa la saba, mwaka 2015, fomu kama hiyo niliijaza mimi peke yangu kwa dakika tano, nikiwa nimesimama dukani. Niliandika shule ya serikali yenye jina kubwa, yenye asili ya kanisa, ambayo magazeti huiweka juu kila matokeo yanapotoka. Sitaitaja, maana watoto wa watu bado wamo ndani. Kijana akapata nafasi, akasoma pale miaka minne, na mwanzoni mwa 2020 matokeo ya UCE yakaja: daraja la kwanza. Tulichinja mbuzi. Nilipigiwa simu za pongezi hadi betri ikaisha.

Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na misikiti nayo ikafungwa. Ramadhani ya mwaka ule tuliswali tarawehe sebuleni, familia nzima, mimi nikiwa imamu. Siku ya kwanza kijana akasema tumbo linamuuma. Siku ya pili kichwa. Siku ya nne mama yake akamfuata chumbani, akakaa naye muda mrefu, akatoka macho mekundu. Mwanetu alikuwa ameacha kuswali tangu kidato cha pili. Kule bwenini hapakuwa na mahali pa kuswalia. Jumapili asubuhi wote waliongozwa kanisani, na anayebaki nyuma jina lake liliandikwa. Mwaka wa kwanza aliswali juu ya kitanda, chini ya blanketi. Mwaka wa pili alichoka.

Nilimwuliza, mbona hukutuambia? Akajibu bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Baba, hamkuniuliza. Kila mlipokuja kunitembelea mliniuliza nimekuwa wa ngapi, mkanipa kuku, mkaondoka."

Nisieleweke vibaya. Nawajua Waislamu waliosoma shule za makanisa hapa Uganda wakapewa chumba safi cha kuswalia na ruhusa ya Ijumaa, na walimu wakawaheshimu. Kosa langu mimi lilikuwa kwamba sikuuliza, si kabla wala baada.

Basi safari hii niliamua kuuliza. Nilianza na wazazi wenzangu, kwa kuwa ndio ninaokutana nao.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu Hajati, ambaye kwake swali lenyewe ni kama tusi. "Baba Fulani, unauliza nini? Andika Kibuli. Kibuli ni yetu." Kisha akanipa somo la historia huku chai ikipoa. Na kwa kweli ni somo ambalo watoto wetu wengi hawalijui. Uislamu uliingia Buganda kabla ya dini nyingine za wageni; Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, miaka zaidi ya thelathini kabla ya mmisionari wa kwanza. Lakini shule zilikuja na wamisionari, na mzazi Mwislamu akawa na mawili ya kuchagua: ampeleke mtoto akiwa na hofu ya kubatizwa, au ambakize nyumbani. Wengi waliwabakiza. Ndiyo maana kizazi cha babu zetu kilijaa madereva, wachinjaji na wafanyabiashara, na makarani wakawa wachache. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, alipoona hali hiyo alishirikiana na Waislamu wenzake, na mwaka 1945 shule ya sekondari ya Kibuli ikaanzishwa juu ya kilima kile kile cha msikiti. Mwaka 1954 ikafuata Nabisunsa kwa ajili ya wasichana. Baada ya uhuru wa 1962 serikali ilichukua usimamizi wa shule za dini. Leo zote mbili ni shule za serikali, lakini waasisi wake bado wana sauti ndani yake.

Hajati aliyasema yote hayo kama mtu anayesimulia shamba la urithi. Nikamwuliza, na watoto wako waliosoma huko walisemaje? Akanyamaza kidogo. "Walisema nini tena? Walisoma."

Wa pili ni rafiki yangu mwenye duka la jumla kule Kikuubo. Huyu hana historia, ana makaratasi. Ana kurasa za magazeti za miaka sita, amezikunja ndani ya daftari la madeni, na amepigia mstari idadi ya waliopata daraja la kwanza katika kila shule. Kwake shule ni kama gunia la mchele, unaangalia daraja unanunua. Masikini, Februari 2025 alinipigia simu amevurugika. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya ule ulioanza mwaka 2020 walikuwa wamepata matokeo yao ya UCE, nayo hayakuwa na madaraja tena. Kila somo lina herufi yake kuanzia A hadi E, na asilimia 20 ya alama inatokana na kazi za darasani. "Sasa mzee," akasema, "mimi nitajuaje shule nzuri?" Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba mwaka 2015 nami nilikuwa kama yeye.

Wa tatu ni mama mmoja mjane tunayesaliana naye darasa la Jumapili, na swali lake lilikuwa moja tu: kiasi gani? Wageni wakisikia shule ya serikali hudhani ni bure. Ukweli ni kwamba serikali inalipa mishahara ya walimu, na tangu 2007 kuna mpango wa USE unaofuta karo, lakini si kila shule imo ndani yake, na shule kongwe nyingi za bweni hazimo. Hizo mzazi analipa karo ya muhula, na juu ya karo kuna ile orodha: rimu za karatasi, mifagio, sabuni, ndoo, godoro, sanduku la bati. Mama yule alimpeleka kijana wake shule ya kutwa ya USE iliyo karibu na nyumbani, darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, na mtoto anarudi kila jioni anaswali magharibi na mama yake. Hakuna gazeti linaloandika hilo. Nilimwonea wivu kidogo.

Siku ya tano mke wangu alinisikiliza nikimsomea maoni yote haya, kisha akasema, "Umewauliza waliolipa. Sasa waulize waliokula."

Basi tukaanza kuwauliza wanafunzi. Ndugu zangu, ni kama kuuliza habari za nchi nyingine kabisa! Wazazi wananiambia jina, matokeo, karo, nidhamu. Watoto wananiambia maji. Mpwa wangu wa kike, aliye kidato cha tatu katika shule moja ya bweni, alizungumza nusu saa nzima juu ya foleni ya kuoga saa kumi alfajiri. Vijana wawili wenye sare niliowakuta kwenye taksi ya kwenda Wandegeya waliniambia shule yao ni nzuri sana "ukiwa hodari wa hesabu," na kama si hodari hakuna anayekujua jina. Msichana mmoja, binti wa rafiki yetu, alisema shule yake ina mwalimu mmoja wa baiolojia anayekuruhusu kuuliza swali la kijinga, na kwa ajili ya mwalimu huyo hataki kuhama. Mwingine alisema anapenda kwamba hijabu yake haimshangazi mtu. Mwingine, wa shule ya Waislamu, alisema kinyume: kila mtu amevaa hijabu, na wanaoswali kwa kulazimishwa wanacheka wakati wa sijda. Huyo alinifanya nisilale vizuri. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba msikiti ukiwa ndani ya uzio, kazi yangu imekwisha.

Na karibu wote walitaja daku. Miaka hii Ramadhani imeangukia muhula wa kwanza, kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza anafunga akiwa mgeni, hajajua hata njia ya jikoni. Nani anamwamsha? Anakula nini? Ni posho na maharagwe ya jana, au kuna chai? Katika wazazi wote niliowauliza, hakuna hata mmoja aliyelitaja neno daku.

Ijumaa ya siku zile nilimchukua binti yangu tukaswali Kibuli. Nilitaka aone mwenyewe. Msikiti ule mweupe uliokamilika 1951 tumeuona maisha yetu yote kutoka mjini, lakini ni jambo jingine kusimama kwenye uwanja wake na kuiona Kampala yote chini yako, na shule pale pale kilimani. Nilianza kumsimulia habari za mwanamfalme. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kutoka Kawempe hadi pale asubuhi ni saa ngapi kama angekuwa wa kutwa. Tulihesabu pamoja: taksi hadi mjini, msongamano wa Barabara ya Bombo, taksi nyingine ya kupanda kilima. Angetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Akanyamaza. Nikajua anapima.

Usiku wa nane nilimpa fomu na kalamu. Nikamwambia, tuandikie kwanza maoni yako wewe, hata kwenye daftari. Aliandika mambo manne. Anataka mahali ambapo akiuliza swali hawatamcheka. Anataka Kiswahili kifundishwe vizuri, kwa kuwa mtaala mpya umekileta na yeye nyumbani anacho. (Wakati wa utoto wangu hapa Kampala Kiswahili kilihesabiwa lugha ya askari. Leo binti yangu anakiona kama mtaji wake. Subhanallah.) Anataka kitanda cha chini, anaogopa cha juu. La nne lilikuwa: kaka aje siku ya kutembelewa.

Kaka mtu alikuwepo. Ni mtu mzima sasa, na Alhamdulillah, Ijumaa hakosi. Alfajiri bado tunasumbuana. Alisoma ile orodha, akamwambia dada yake, "Popote utakapofika, uliza siku ya kwanza: Jumapili asubuhi mimi nakuwa wapi? Ijumaa saa saba mchana nakuwa wapi? Jibu likiwa baya, mpigie Baba siku hiyo hiyo." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe Baba, pokea simu."

Tuliijaza siku ya tisa, kalamu ikiwa mkononi mwake. Tulibishana juu ya namba moja na namba mbili hadi isha. Mimi nilitaka kubadilisha, mama yake akasema hapana, mwache.

Januari 2025 PLE ikatoka, alama 9, daraja la kwanza, sifa zote njema ni za Allah. Kuchagua shule si kupata nafasi, kama mnavyojua. Wakuu wa shule wana kikao chao cha kugawana wanafunzi, na sisi wazazi tunasubiri simu tu. Alipata shule aliyoiandika namba mbili. Sitaitaja nayo, watu wasije wakasema natangaza biashara. Februari tulimpeleka na sanduku lake, ndoo, godoro na rimu za karatasi. Kitanda cha chini kilikuwa kimeshachukuliwa, akapanda cha juu.

Machi ile siku ya kutembelewa iliangukia ndani ya Ramadhani. Tulikaa chini ya mti, sisi wanne tumefunga, chakula cha futari kikiwa kwenye vyombo vilivyofungwa ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvifungua. Hapakuwa na kuku wa kumziba mtu mdomo. Nilimtazama binti yangu, amekonda kidogo, na swali langu la zamani likanijia lenyewe kwenye ulimi. Mama yake akanikanyaga mguu.

Nikamwuliza, "Daku, mama, mnakula nini? Na nani anakuamsha?"

Akamtazama kaka yake, wakacheka wote wawili. "Baba, kaa vizuri," akasema. "Hii ni hadithi ndefu."