Deputi, kwanza ongea na mpishi

Wasee, stori ya leo ni ya nyumbani, Marani. Mamangu ni deputi wa shule ya upili, na sasa anasomea diploma ya uongozi wa shule pale KEMI, ile taasisi ya kufunza wasimamizi wa shule iliyokuwa ikiitwa KESI. Juzi stima ilipotea. Tukabaki na taa ya simu, yeye na karatasi zake, mimi na chai.

Akanisomea kisa walichopewa kama zoezi. Wanafunzi wamekataa chakula cha jioni, wamekaa uwanjani kimya. Mwalimu mkuu yuko safarini. Wewe ni deputi, utafanya nini?

Alikuwa amejaza kurasa mbili: apigie polisi, aite bodi, aandike majina ya vichwa vya mgomo. Safi kabisa kwa karatasi. Nikamuuliza, "Baba," (kwetu Wakisii mama ndiye baba, msichanganyikiwe) "na nani ameenda kuongea nao?"

Akanyamaza. Basi nikamwambia kitu sijawahi kumwambia. Bweni letu lilipochomwa nikiwa kidato cha tatu, nilijua siku mbili mapema. Wengi tulijua. Tulikuwa tumeomba kikao mara tatu kuhusu maji, tukaitwa watovu wa nidhamu. Hakuna aliyekufa, lakini hiyo ilikuwa bahati tu. Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001, wavulana 67 hawakutoka. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa 2008 unakataza vyuma kwa madirisha ya bweni, na yetu bado yalikuwa navyo.

Mimi napenda hivi visa kuliko noti za kukariri, kwa sababu jibu haliko nyuma ya kitabu. Shida ni kwamba vinaandikwa kutoka ofisini. Mwalimu mkuu ana cheo, bodi ina mwenyekiti, lakini sisi ni "wanafunzi" tu, kama mvua. Itierio, hapa hapa Kisii, ilipoungua 2016 wakati wa Euro, mtaani tulibishana mpira wiki nzima. Kama hayo tu ndiyo utaweka kwa kisa, deputi atajifunza kuzima televisheni.

"Kwa nini hukuniambia?" mama akauliza.

"Ungeniripoti."

Hakukataa. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya polisi. "Sawa. Naanza na nani? Kiranja?"

"Mpishi. Yeye ndiye tulikuwa tunamwambia kila kitu."