Chupa Moja ya Divai

Baba yangu alikuwa mgema huko Kaloleni. Alipanda minazi yake alfajiri na jioni, na mnazi aliougema haukunywewa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Kijana aliyetaka mke alileta kibuyu tunachokiita kadzama, wazee wakaketi, kinywaji kikazunguka, ndipo maneno yakaanza. Nilikua nikiamini kwamba mtu mwenye adabu haendi kwenye shughuli mikono mitupu.

Imani hiyo ndiyo niliyoitumia kujitetea mwaka 2009, nilipopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza nikiwa na vodka ndani ya chupa ya dawa ya kusukutua kinywa.

Tulikuwa wanawake saba wa chama kimoja, Wakenya sote, tukitunza wagonjwa na wazee mjini Houston. Mweka hazina wetu, tuliyemwita Dada Mkubwa, aligundua kwamba meli za kwenda Mexico zinang'oa nanga Galveston, kisiwa kilicho mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwetu. Tikiti ya siku tano ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Kilichotushtua ni bei za baa: glasi moja ilikaribia dola nane, na juu yake malipo ya huduma. Dada Mkubwa alipiga hesabu ya glasi mbili kwa kila mtu kwa kila usiku, akafunga daftari na kusema, "Hatuendi kunywa karo za watoto."

Sheria ya meli tuliijua. Pombe kali na bia zilikatazwa. Kila abiria mwenye umri wa miaka 21 au zaidi aliruhusiwa kuingia na chupa moja ya divai ya mililita 750, siku ya kupanda tu. Dada Mkubwa alimimina dawa ya kusukutua kwenye sinki, akaosha chupa mara tatu, akajaza vodka na kudondosha rangi ya keki ya kijani. Chupa ilipita. Ila harufu ya mnanaa haikutoka, na vinywaji vyetu vilinuka dawa ya meno hadi tulipofika Cozumel, Mexico.

Nikikumbuka safari ile, kinachonijia kwanza ni kile chumba chetu kisicho na dirisha. Wanawake saba tulijipanga juu ya vitanda viwili, glasi mbili za bafuni zikipita mkono kwa mkono. Tulizungumza kuhusu waume, makaratasi ya uhamiaji na mama zetu waliokuwa wakizeeka tukiwa mbali. Kule juu sitahani muziki ulipigwa, na hatukuutaka.

Mezani tulikaa na mama mmoja Mmarekani, mjane, aliyekuwa akisafiri kwa meli tangu miaka ya 1970. Alitucheka tulipomnong'oneza siri yetu. Zamani, alisema, ndugu na marafiki walipanda melini kumuaga msafiri. Walikuja na chupa zao, wakafanya karamu chumbani mwake, mpaka kengele ilipogongwa wageni washuke, na aliyebaki alibaki na masalio. Alituambia kwamba hakuna aliyemkagua. Niliona kama anasimulia posa za Kaloleni.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 2012. Safari hii tulikuwa wajuzi zaidi, au tulijiona hivyo. Tulinunua mifuko laini ya plastiki iliyouzwa waziwazi mtandaoni kwa jina la Rum Runner, isiyo na chuma wala umbo la chupa, tukaijaza ramu na kuifunga ndani ya taulo. Masanduku ya wenzangu yalifika vyumbani. La kwangu halikufika. Badala yake nilikuta karatasi mlangoni ikiniita sitaha ya chini.

Kule nilikuta foleni. Kulikuwa na wazee wa heshima, vijana wa harusi, na bwana mmoja mwenye katoni ya maji ya chupa ambayo vizibo vyake vilionekana havijaguswa. Afisa aliichukua chupa moja, akaitikisa, akatazama povu linavyokufa, kisha akatabasamu. Ilikuwa vodka. Zamu yangu ilipofika hakunikaripia. Alinitaka nifungue sanduku mwenyewe, nitoe mifuko mwenyewe, kisha akaimwaga ramu yangu kwenye sinki na kunipa kalamu nitie sahihi. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipanda lifti nikiwa nimeshika taulo tupu.

Yule bwana wa maji nilimkumbuka miaka mitatu baadaye. Julai 2015 Carnival, kampuni yenye meli nyingi Galveston, ilipiga marufuku abiria kuingia na kinywaji chochote cha chupa, hata maji. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu walikuwa wakificha pombe humo, na kukagua chupa moja moja kulichelewesha kila mtu. Kilichoruhusiwa kikawa makopo au pakiti 12 za vinywaji visivyo na kilevi kwa kila abiria. Ili kutuliza malalamiko, kampuni ikauza maji ya kuagiza mapema, chupa 12 kwa dola 2.99. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya meli, Norwegian, nayo ilizuia maji ya chupa.

Katika chama chetu alikuwemo mwenzetu Msabato, ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe. Yeye alikuwa na mazoea ya kubeba maji yake. Tuliposafiri mwaka 2016, katoni yake ilibaki gatini. Alitugeukia akasema, "Nyinyi mnakunywa, anayelewa ni mimi." Tulicheka, lakini nilijua kwamba ana haki. Kila hila tuliyobuni ilizaa sheria, na sheria ilimkuta asiyehusika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulitia tembo kwenye maji, na maji yakapigwa marufuku.

Nisisahau upande wa pili, maana kampuni hazikuwa zikilinda adabu peke yake. Mwaka 2023 kampuni mama ya Carnival iliingiza dola bilioni 21.6, na zaidi ya bilioni 7 kati ya hizo hazikutoka kwenye tikiti. Zilitoka kwenye baa, kamari, matembezi ya bandarini na vitu kama hivyo. Tikiti huwa rahisi kwa sababu baa ni ghali. Abiria mwenye ramu kwenye taulo anavuruga hesabu hiyo.

Kisha tukajaribu kifurushi cha vinywaji. Tulikinunua mara ya kwanza mwaka 2019. Wakati huo ulilipa zaidi ya dola 50 kwa siku, ukaonyesha kadi, ukanywa mpaka glasi 15 za kilevi ndani ya saa 24. Nilidhani hila zetu zimefika mwisho na amani imepatikana. Nikasoma masharti. Mtu mzima mmoja akinunua, kila mtu mzima wa chumba chake lazima anunue. Huruhusiwi kumpa mwenzako. Ukichukua glasi, usubiri dakika tano kabla ya kuomba nyingine, usije ukawa unamchukulia mtu.

Kwa sharti la kwanza tulilazimika kupanga vyumba upya, wanywaji upande huu na wasiokunywa upande ule. Yule Msabato, aliyekuwa amelala nami safari zote, akahamia chumba kingine, kwani hakuna aliyetaka alipie glasi 15 za pombe kwa siku. Sharti la pili ndilo lililotumaliza. Hapakuwa tena na sababu ya kukutana chumbani. Kila mmoja aliketi kwenye baa aliyoipenda, na kadi yake shingoni. Tulikunywa kuliko wakati wowote, na tulizungumza kidogo kuliko wakati wowote.

Janga la korona lilisimamisha meli Machi 2020. Galveston meli zilirudi tarehe 3 Julai 2021, Carnival Vista ikitangulia. Sisi tulirudi mwaka 2023, tukiwa watano. Dada Mkubwa alikuwa amestaafu na kurejea Kakamega. Kwenye baa ya sitaha ya tano nilikuta kijana aliyesikia Kiswahili chetu akaangusha kitambaa. "Shikamoo mama! Mwatoka wapi?" Yeye alitoka Likoni. Nilimwomba glasi mbili kwa kadi moja, moja yangu na moja ya rafiki yangu, kama mtu aombavyo kwao. Aliinamisha macho. "Mama, nikikupa, kompyuta yaniona. Mimi ndiye nitakayeitwa."

Sikumlaumu. Niliinywa yangu, nikalipia ya mwenzangu.

Lakini kuna jambo nililoligundua safari hiyo. Kwa meli zilizoanzia Texas, kifurushi cha Carnival hakikufanya kazi siku ya kwanza, kwa sababu ya sheria za jimbo, na usiku huo kadi za wanywaji na za wasiokunywa zililingana. Chupa ile moja ya divai bado iliruhusiwa, miaka yote hiyo baada ya ramu, vodka na maji kufungiwa nje. Ukiipeleka kwenye ukumbi wa chakula ulitozwa dola 15 za kufunguliwa. Ukiifungua chumbani hukutozwa kitu. Tulizikusanya chupa zetu nne chumbani kwangu. Msabato alikuja na makopo yake ya soda ya tangawizi. Tukampigia Dada Mkubwa simu kabla mtandao wa pwani haujapotea, tukamwekea glasi yake kwenye meza ya kioo. Maongezi yakafika saa saba usiku.

Sitetei tena vodka ya kijani. Ilikuwa udanganyifu, na bei yake ililipwa na watu kama Msabato wetu. Lakini katika kuifukuza, meli zimefukuza pia kitu ambacho hakikuwa kosa: chombo kimoja kinachozunguka watu wengi. Kilevi kimebaki tele, kilichopungua ni kugawiana.

Basi nawe ukijaliwa kusafiri, soma masharti ya kampuni yako kwanza, maana hayafanani na hubadilika. Ikiwa chupa yako inaruhusiwa, ibebe kwenye mkoba wa mkononi, usiifiche sandukuni, na uionyeshe kabla hujaulizwa. Ukishaingia, usiinywe peke yako. Gonga mlango wa jirani.