Baharia wa Machakos

Sisi tuliozaliwa pwani huidhani bahari kuwa ni yetu peke yetu. Dhana hiyo tuliiacha Machakos, mji wa bara chini ya vilima vya Iveti, ambako maji mapana tuliyoyaona ni ya bwawa la Maruba tu.

Tulikuwa wageni wa mzee mmoja, babu wa mke wa ndugu yetu. Tulipomwamkia alituuliza tunakaa mtaa gani wa Mombasa, kisha akaanza kuitaja Kilindini na Likoni kama mtu aliyeziacha jana. Katika miaka ya hamsini, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao Mombasa. Mojawapo ya vyombo vyao kiliitwa Rosalind, kilichotoka kwa Waingereza baada ya vita. Yeye hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alifundishwa kuogelea, kisha mafundo ya kamba na zamu za usiku; na juma lake la kwanza baharini, alisema huku akicheka, hakikukaa chakula tumboni.

Mamake hakucheka. Wanawe wakubwa walikwenda KAR, kama Wakamba wengi wa zama zile, naye akaridhia, kwani askari wa nchi kavu akifa huzikwa. Wa baharini kaburi lake li wapi?

Mwaka 1962 jeshi lile likavunjwa, kijana akarudi kulima. Kenya huru ilipozindua jeshi lake la wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, mwenziwe mmoja alimwandikia aje haraka. Barua ilipokewa na mama. Akaificha ghalani, chini ya mahindi, na mwanawe hakuijua mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

“Nilimsamehe,” alisema mzee, “lakini si siku ile.”

Jioni tuliagana. Mbuzi wake walikuwa wamefungwa kwa fundo ambalo kijana wetu, mtoto wa wavuvi, alishindwa kulifungua.

Njiani tulipita Sultan Hamud, kituo cha reli chenye jina la Sultani wa Unguja. Hakuna aliyezungumza. Ndipo mama yetu, ambaye mwanawe wa mwisho yuko melini Ghuba, akasema kwamba hata yeye barua ile angaliificha.