Mstari Nilionakili

Simu mbili zilikuwa mezani kwangu, zote kwenye Wi-Fi moja, zote zikifungua tovuti tuliyokuwa tukiihudumia. Moja ilifungua papo hapo. Ya pili ilizunguka tu mpaka ikaacha. Nikiiweka ya kwanza kando na kusubiri dakika moja, ile ya pili nayo inafungua vizuri.

Wateja walikuwa wamelalamika wiki nzima, hasa wanaotumia mitandao ya simu. Wenzetu wa huduma kwa wateja waliwashauri wazime simu wawashe tena, na malalamiko yakazidi.

Nikawasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye seva. Pakiti ya SYN, ambayo ndiyo hodi ya TCP, ilikuwa inafika. Seva haikuitikia. Hodi ya pili, ya tatu, kimya. Logi hazikuwa na kosa lolote, na prosesa ilikuwa imetulia. Ni netstat -s iliyonifumbua macho: kuna kihesabu cha miunganisho iliyokataliwa kwa sababu ya muhuri wa muda, yaani namba ya saa ambayo kifaa huambatisha kwenye pakiti zake, na kila nikikitazama kilikuwa kimepanda.

Kosa lilikuwa langu. Miezi kadhaa nyuma niliona maelfu ya miunganisho iko kwenye TIME_WAIT, yaani zile sekunde 60 ambazo Linux hushikilia kumbukumbu ya muunganisho uliokwisha ili pakiti iliyochelewa isije ikaingia kwenye muunganisho mpya. Nikaiona kama takataka. Nikanakili mstari mmoja wa kuiondoa haraka kwenye sysctl.conf, faili la mipangilio ya kerneli: net.ipv4.tcp_tw_recycle = 1. Maelezo ya kerneli yenyewe yalikuwa mafupi mno, lakini yalisema wazi usiiguse bila ushauri wa mtaalamu. Niliyasoma, na bado nikaigusa.

Kumbe ukiiwasha, kerneli ilikuwa inakumbuka muhuri wa mwisho uliotoka kila anwani ya IP, na kwa dakika moja inatupa hodi yoyote yenye muhuri mdogo kuliko huo. Hilo lina mantiki iwapo kila anwani ni mashine moja. Lakini mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ruta ya ofisini hufanya vivyo hivyo. Kila simu ilikuwa na hesabu yake ya muhuri, kwa kawaida ikianzia pale ilipowashwa. Iliyokaa siku nyingi bila kuzimwa ilikuwa na namba kubwa, ikapita. Iliyotoka kuwashwa ikafungiwa mlango. Ushauri wetu wa kuzima na kuwasha ulikuwa unawafungia wateja wetu wenyewe! Hilo linaniuma hadi leo.

Nilirudisha 0. Simu zote mbili zikafungua.

Linux iliiondoa tcp_tw_recycle kabisa mwaka 2017, kwenye toleo la 4.12. Ila mistari iliyonakiliwa hubaki kwenye mafaili. Mara kwa mara nawasha seva mpya na sysctl inalalamika kwamba tcp_tw_recycle haipo. Huwa nasimamisha kazi, nafungua faili lote, na kuuliza kila mstari uliobaki ulifikaje hapo.