Moto Umefika Wapi?

Baridi ya alfajiri ya Keroka, mji wetu wa Gusii, haina mchezo. Ukungu hushuka kutoka mashamba ya majani chai ya upande wa Nyansiongo, ukalala juu ya mabati ya soko, na kabla jua halijapata nguvu, stata za magari zilikuwa zikilia mji mzima. Ukiwa bado chini ya blanketi ungejua ni gari la nani. La mwalimu mkuu lilijivuta kwa unyonge, pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na baada ya hapo ulisikia sauti za watu: "Haya, sukuma! Sukuma!"

Nilikulia karibu na gereji moja ya jua kali kando ya barabara ya kwenda Sotik. Palikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa, benchi la mbao lililokolea grisi, na kando yake kibanda cha mama chai, kwa hiyo harufu ya petroli na ya chai ya maziwa zilikuja puani pamoja. Hadi leo nikinusa petroli natamani mandazi. Fundi wetu tulimwita Omogaka, kama anavyoitwa mzee yeyote wa heshima kwetu Gusii. Kwa kazi ya umeme alibeba vitu vichache mno: kipande cha msasa laini, geji ya majani membamba ya chuma, na taa ya kupimia aliyoiunda mwenyewe kwa balbu ya indiketa na nyaya mbili.

Magari yenyewe yalikuwa Peugeot kwa wingi. Tulianza na 404, kisha zikaja 504, zile ndefu za kubeba abiria, zimejaa mpaka mlango unafungwa kwa goti. Wenyewe walijivunia sana, na walikuwa na haki. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968 mfululizo, halafu 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Namkumbuka mwenye gari mmoja akilalamika, "Omogaka, gari hili ni la Safari Rally, litakataaje kuwaka?" Mzee akafungua boneti polepole. "Ni kweli limeshinda Safari, bwana. Leo limeshindwa na umande."

Na ulikuwa umande kweli. Kifuniko cha distributa kikiingia unyevu, ule moto mkali wa koili, wenye maelfu ya volti, hauendi tena kwenye plagi. Unatambaa juu ya maji na kupotelea kwenye chuma cha injini. Omogaka alikifungua kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga kutafuta ufa mwembamba mweusi, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akamkabidhi mama chai. "Mama, niazime joto kidogo." Kifuniko kikakaa karibu na jiko, kando ya birika, sisi tukinywa chai na kungoja. Kilipokauka na kurudishwa, injini ilishika mara ya kwanza, na abiria wakagombania viti upya.

Lakini kabla ya kugusa chochote, Omogaka alitaka kusikia. "Piga stata," angesema, akiinamisha kichwa. Stata ikigonga "tak!" mara moja na kunyamaza, alitazama vichwa vya betri kama vimelegea, au stata yenyewe. Ikipiga "taka-taka-taka" ya haraka, betri imeisha nguvu. Ikizunguka kwa bidii na injini isishike, basi betri haina kosa, tafuta moto wa plagi au mafuta. Na ikivuma peke yake "wiiii" bila kuzungusha injini, meno ya stata hayajashikana na ya flaiwili. Sisi watoto tuliijua hesabu hiyo kabla ya jedwali la saba.

Swali lake lilikuwa moja, na alituuliza sisi tuliomzunguka badala ya kujijibu mwenyewe: "Moto umefika wapi?" Tunaanzia kwenye betri. Ule unga wa kijani kwenye vichwa vyake unaoshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa mpaka risasi ing'ae. Taa ya kupimia inawekwa hapo: inawaka. Tunasogea kwenye swichi ya ufunguo: inawaka. Kwenye koili: inawaka. Basi kosa liko mbele. Anafungua kontakti, vile vinundu viwili vinavyofunguka na kufunga ndani ya distributa, anavipitishia msasa, anapima nafasi yake kwa geji, karibu nusu ya milimita. Mwisho anachomoa plagi, anaishikilia kwenye chuma cha injini kwa koleo lenye mpira, na mmoja wetu anapiga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ilimfanya atabasamu. Ya njano na dhaifu ilimrudisha kwenye koili na kondensa. Kuna makanga aliyejitolea kuishika kwa mkono mtupu, akarushwa mpaka kwenye mifuko ya viazi. Soko zima lilicheka kwa juma zima.

Baadaye nilisoma kwamba mpangilio ule wa koili na kontakti ulitoka kwa Mmarekani Charles Kettering, ambaye pia ndiye aliyeunda stata ya umeme iliyowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Umri wote huo, na mkaratusi wetu wa Keroka ukaendelea kumfanyia kazi!

Mwaka 1989 Nyamira ikakatwa kutoka wilaya ya Kisii, na mpaka ukawa hapo hapo mjini kwetu. Mzaha ukazaliwa siku hiyo hiyo: gari linasukumwa likiwa Kisii, linashika likiwa Nyamira, sasa fundi alipwe na nani?

Kisha kontakti zikaanza kutoweka. Zikaja Nissan za abiria, na sasa ni Probox kila mahali. Probox hazina distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayoamua cheche itoke lini. Nyingine hata ufunguo una chipu. Gari lisipoutambua, halishiki ng'o. Kijana anachomeka kidude chini ya usukani, anatazama simu, anasoma P0335, anasema ni sensa ya krenki. Ni kazi nzuri, na ya haraka. Asubuhi ya mvua siwatamanii abiria kungoja kifuniko kikauke jikoni.

Ninachokililia ni lile duara la watu. Mashine inamjibu mtu mmoja, kwenye kioo kidogo, na watoto wanaopita hawaoni kitu cha kuwafanya wasimame. Juzi nimeona Probox iliyotoa namba za makosa chungu nzima. Mwenyewe alikuwa amekwisha nunua sensa mbili, gari bado limegoma. Mzee mmoja aliyejifunza chini ya mkaratusi uleule akaomba taa ya balbu, akaupima waya unaounganisha betri na bodi, akaukuta umeoza ndani ya mpira wake. Waya huo ukioza, sensa nzima nazo zinaonekana mbovu. Akaubadilisha, gari likashika.

Kwa hiyo, wewe mwenye gereji na vijana wa kufundisha, wanunulie mashine, wanaihitaji. Lakini wape kwanza balbu na nyaya mbili, uwaache waufuate moto wenyewe kutoka betri mpaka plagi. Na wakiufuata, wafanye kazi hiyo nje, mahali watoto wanapoweza kusimama na kuuliza.