Kiwanja Kisichoandikwa: Safari ya Tarime na Serengeti

Tulitoka mjini Tarime baada ya sala ya alfajiri, baridi ya milimani ingali imetanda juu ya migomba na mibuni. Njia ya kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hupita Nyamwaga na Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, kisha huvuka Mto Mara. Kwa mgeni, Serengeti ni jina la mapumziko. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951 ina kilomita za mraba 14,763, na watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kujiburudisha humo. Sisi tulikwenda kutazama jambo dogo zaidi: watoto wa wenyeji wanachezea wapi?

Katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto tuliwakuta wavulana wakicheza mpira wa matambara, magoli yao yakiwa miti ya mikaratusi iliyochimbiwa ardhini. Ng'ombe walikatiza katikati bila kuulizwa. Wasichana walisimama kando, wadogo zao mgongoni, wakitazama. Mzee mmoja alitueleza kwamba kiwanja kile zamani kilikuwa na upana mara mbili ya huo. Vibanda vya biashara vimekula upande mmoja, shamba la mahindi upande wa pili. Hakuna aliyekiuza, alisema, ila hakuna pia aliyekilinda.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa michezo ni upuuzi mtupu. Hao wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, naye Bibi Aisha (r.a.) akawatazama, na kwamba yeye mwenyewe alishindana mbio na mkewe huyo. Hata sala ya Idi, sunna yake ni kusaliwa uwanjani.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito zaidi inapofika Desemba. Shule zikifungwa, ndipo koo za Wakurya hufanya tohara, na wapo wasichana wanaokeketwa ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Wengine hukimbilia nyumba salama, na mojawapo iko Mugumu. Hatusemi kiwanja kitakomesha ukeketaji. Lakini binti aliyefungiwa nyumbani likizo nzima, asiye na mahali pa staha pa kukutana na wenzake na mwalimu wake, hofu yake atamwambia nani?

Fedha si kwamba hazipo kabisa. Halmashauri ya wilaya hutoza kampuni ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mgodi hauna budi kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati hutangulia katika mipango hiyo, na ni haki yake. Hata hivyo kusawazisha kiwanja, kupanda miti ya kivuli, kujenga vyoo na kutenga upande wa wasichana na kina mama si gharama ya kutisha.

Kabla ya fedha, hata hivyo, kuna ardhi, na hiyo haitoki wilayani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inairuhusu halmashauri ya kijiji kupendekeza eneo la matumizi ya pamoja, mkutano mkuu ukaliidhinisha, likaandikwa katika daftari. Eneo lisiloandikwa ni rahisi kumegwa kibanda kwa kibanda.

Tulimwomba kiongozi mmoja wa kijiji kile atuoneshe daftari hilo. Alilitafuta kwa muda, akalipata chini ya mafaili. Msitu ulikuwamo, na njia ya mifugo. Kiwanja hakikuwamo. Alitikisa kichwa, akasema atalipeleka suala hilo katika mkutano mkuu ujao, kisha akatuuliza kama tungependa kuhudhuria. Tumemwambia tutakuja, inshaallah.